Kompyuta ya GPS kwa baiskeli mpya: jinsi ya kuchagua bila kulipia usichokitazama

Maelezo ya kompyuta za baiskeli huandikwa kwa namna ya kumchosha mnunuzi: kasi, umbali, mwinuko, mapigo ya moyo, wati, ramani, hali ya hewa, ujumbe wa simu, mashindano na marafiki, na mengine mpaka mwisho wa ukurasa. Orodha hiyo inachanganya kazi mbili. Ya kwanza ni kurekodi safari. Ya pili ni kukuonyesha jambo palepale unapolihitaji, mikono ikiwa kwenye usukani, jua likiwaka na njia ikigawanyika mbele yako.

Kurekodi ni kazi nyepesi. Hata kifaa cha bei ya chini chenye GPS kitahifadhi ulikopita, muda uliotumia na jinsi moyo ulivyopiga kwenye kila kilima, na jioni utayasoma yote kwenye simu ukiwa umekaa. Kinachopandisha bei ni kuonyesha: skrini kubwa, ramani inayojua kutafuta njia, betri ya kuyalisha hayo yote. Mwongozo huu unafuata tofauti hiyo kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kukitazama ukiwa unaendesha

Chukua karatasi uigawe pande mbili. Upande mmoja andika mambo utakayoyatazama njiani, upande wa pili yale unayoweza kuyasoma baadaye. Kuwa mkali. Kalori hazina kazi yoyote njiani. Wastani wa kasi wa wiki nzima hauna kazi njiani. Jumla ya mita ulizopanda inapendeza, lakini inaweza kusubiri ufike.

Yanayobaki hutegemea uendeshaji wako. Anayekwenda kazini na kurudi kwa njia ileile anahitaji saa, pengine na kasi. Anayefanya mazoezi kwa mpango anahitaji mapigo ya moyo au wati (kipimo cha nguvu anayokanyagia), muda wa zoezi na hesabu ya mizunguko ya pedali kwa dakika. Anayesafiri ugenini anahitaji kona inayofuata, umbali uliobaki na kilima kilichobaki. Anayeshuka njia za milimani zenye mawe hatatazama chochote mpaka asimame, na hilo ni jambo jema, maana macho yake yana kazi nyingine.

Kama upande wa kwanza umebaki mtupu, huhitaji kompyuta. Iweke simu mfukoni, washa programu ya kurekodi, nenda zako. GPS ya simu za siku hizi ni nzuri, na simu ikiwa imezimwa skrini hudumu saa nyingi. Tatizo la simu huanza inapopandishwa kwenye usukani na kuachwa inawaka: jua huipasha moto mpaka ipunguze mwanga yenyewe, matone ya mvua huigusa kama vidole, na betri unayoihitaji kwa dharura huisha kwa kazi ya kuonyesha kasi. Mtetemo nao ni adui wa kamera zenye lenzi zinazojisawazisha. Apple yenyewe imewahi kuwatahadharisha wanaofunga iPhone kwenye usukani wa pikipiki.

Na kama unachotaka ni kasi na umbali tu, bado zipo kompyuta ndogo zisizo na GPS, zinazosoma sumaku iliyofungwa kwenye spoki. Nyingi hutumia betri ya kitufe, kama CR2032, inayodumu miezi mingi. Hazina makuu, na kwa baadhi ya watu ndizo jibu sahihi.

Hatua ya 2: Pima usukani kabla ya kupenda kifaa

Watu huiacha hatua hii mpaka mzigo ufike. Baiskeli mpya, hasa za mbio, zina usukani wa maumbo ya kila aina. Kipenyo cha katikati, pale panapobanwa kishikizo cha kompyuta, kwa kawaida ni milimita 31.8, baiskeli nyingi za zamani na zile za kawaida zina milimita 25.4, na za milimani za siku hizi mara nyingi zina 35. Ukiwa na usukani wa bomba la duara, karibu kishikizo chochote cha kipenyo chako kitakaa.

Shida iko kwenye usukani bapa, au ule uliotengenezwa kipande kimoja na shingo yake, yaani kile kipande kinachouunganisha na uma. Huo hauna mahali pa kubana chochote. Geuza macho chini ya shingo, kwa mbele: mara nyingi pana matundu mawili ya skrubu yaliyoachwa kwa kishikizo maalumu cha mtengenezaji wa usukani. Kama yapo, uliza kishikizo hicho kinapatikana kwa kifaa gani. Kama hayapo, kuna vishikizo vinavyokaa juu ya shingo, mahali pa kile kifuniko cha skrubu ya kukaza uma.

Jambo la pili ni umbo la ndimi, yaani vile vipande vidogo vilivyotokeza chini ya kifaa ambavyo hukishika kwenye kishikizo. Vifaa vya Garmin huingia kwenye kishikizo kwa kuzungushwa robo mzunguko, na watengenezaji wengine wengi wameuiga mtindo huo. Vya Wahoo pia huzungushwa robo, na kwa macho vinafanana, lakini ndimi zake ni tofauti na kifaa cha mmoja hakikai kwenye kishikizo cha mwingine. Usilazimishe, ndimi za plastiki zikikatika, kifaa kizima kinakuwa cha kufungwa kwa kamba.

Halafu tazama mahali. Kishikizo kinachotokeza mbele ya usukani ndicho bora kwa baiskeli ya lami, kwa sababu macho hayashuki sana kutoka barabarani. Kwa baiskeli ya milimani, mahali hapo ndipo kifaa kitakapopigwa siku utakayoanguka. Afadhali kikae juu ya shingo. Hakikisha pia nyaya za breki hazipiti juu yake, na kwamba taa ya mbele ina pa kukaa. Vipo vishikizo vinavyobeba kompyuta juu na taa chini, navyo vinafaa sana.

Ukiwa na baiskeli ya umeme, angalia kwanza skrini iliyokuja nayo. Huenda tayari inakuonyesha kasi na umbali, na unachokosa ni ramani pekee. Baadhi ya mota hutuma kiasi cha chaji kwa kompyuta ya nje, nyingine hazitumi. Vivyo hivyo kwa gia za umeme: Shimano Di2 na SRAM AXS zinaweza kuonyesha gia uliyomo kwenye kompyuta nyingi. Ni kitu cha kupendeza. Kama ni cha lazima, rudi kwenye karatasi yako.

Hatua ya 3: Itazame skrini juani

Dukani skrini zote ni nzuri. Toa kifaa nje, au angalau kwenye mlango wenye mwanga, kishike umbali wa mkono uliokunjwa kidogo, usome. Huo ndio umbali utakaokitazama.

Kuna familia mbili. Moja hutumia mwanga wa jua wenyewe: unapoanguka juu yake hurudi machoni, hivyo jua linapokuwa kali skrini inazidi kusomeka, na betri haiguswi. Rangi zake zimefifia na ndani ya nyumba huonekana duni. Ya pili hufanana na ya simu, ina rangi za kuvutia na ramani yake hupendeza, lakini inashindana na jua kwa kuongeza mwanga wake, na mwanga huo unatoka kwenye betri. Wauzaji huisukuma ya pili kwa sababu ndiyo inayong'aa kwenye kabati. Kwa mtu anayeendesha zaidi mchana, naiona ya kwanza kuwa na akili zaidi.

Vaa miwani yako ya jua unapojaribu. Baadhi ya miwani ina kichujio kinachokata mng'ao, na skrini nyingine hugeuka nyeusi ikitazamwa kupitia kwayo kwa pembe fulani. Na kama husomi maandishi madogo bila miwani ya kusomea, usinunue skrini ndogo kwa matumaini. Kifaa kikubwa chenye namba nne kubwa kitakusaidia kuliko kidogo chenye namba kumi. Mpangilio wa kurasa hubadilishwa kwenye karibu vifaa vyote, kwa hiyo uliza idadi ndogo kabisa ya namba kwa ukurasa pia.

Kisha vitufe au mguso. Skrini ya mguso ni raha kwenye ramani, kwa kuvuta na kusogeza. Lakini jasho likidondoka, mvua ikinyesha au ukiwa na glavu nene, inaweza kukataa, au mbaya zaidi, ikabadilisha ukurasa yenyewe. Vitufe hufanya kazi katika hali yoyote na kidole hujifunza mahali vilipo bila macho. Vipo vifaa vyenye vyote viwili, na kama mfuko unaruhusu, ndivyo vya kuchagua. Kama hauruhusu, chagua vitufe, ila ikiwa utakuwa unapanga njia upya kila siku ukiwa safarini.

Hatua ya 4: Amua unahitaji ramani ya aina gani

Hapa ndipo bei hutofautiana zaidi na ndipo maneno ya kwenye boksi hudanganya zaidi, maana kila kifaa huandikwa kwamba "kinaongoza njia". Kuongoza kuko kwa viwango vitatu.

Kiwango cha kwanza ni mstari peke yake. Unapanga njia kwenye simu, unaituma kwenye kifaa, nacho kinakuonyesha mstari kwenye skrini tupu na alama yako juu yake. Hakuna barabara, hakuna majina. Kinachekesha ukikiona mara ya kwanza, lakini kwa njia za mashambani zenye kona chache kinatosha kabisa, na betri yake hudumu. Udhaifu wake hujitokeza mjini, penye makutano yenye matawi matano, ambapo mstari unapinda na hujui ni tawi lipi.

Kiwango cha pili kina ramani chini ya mstari. Sasa unaziona barabara za jirani, mto, reli. Kifaa kinaweza kukuambia "pinda kushoto baada ya mita 200", mara nyingi kwa sababu maelekezo hayo yaliandaliwa na simu au tovuti ya kupangia njia na kufungwa pamoja na faili. Ukipotea, unajiona umepotea, na kwa kutazama ramani unaweza kujirudisha mwenyewe. Lakini kifaa hakitatafuta njia mpya bila simu.

Kiwango cha tatu kinafikiri. Ukikosa kona kinapanga upya. Ukikiambia kikupeleke mahali fulani, kinatafuta njia chenyewe, bila mtandao. Kinahitaji kichakataji chenye nguvu zaidi na nafasi ya kuhifadhi, kwa hiyo unakilipia.

Nani anahitaji cha tatu? Msafiri wa mbali, anayeingia miji asiyoijua, na yule ambaye simu yake haitakuwa na mtandao wala chaji. Wengine wengi watashibishwa na cha pili. Anayezunguka njia zilezile za kila wiki asilipie hata cha pili.

Ramani nyingi za vifaa hivi hutokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 ambao watu wa kujitolea duniani kote huchora ramani na kuigawa bure. Ubora wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali, kulingana na waliochora. Kabla ya kununua, fungua tovuti ya OpenStreetMap na uyatazame maeneo unakoendesha. Kama vijia unavyovijua vimo, kifaa pia kina nafasi nzuri ya kuvijua. Kama havimo, hakuna bei itakayokufidia. Na unaweza kuvichora mwenyewe, kisha usubiri mtengenezaji atoe ramani mpya.

Kwa muuzaji, peleka maswali haya: Nikizima simu kabisa halafu nikakosa kona, kifaa kitafanya nini? Ramani ya nchi nyingine nikitaka kusafiri ni bure au inauzwa? Naweza kuingiza faili ya GPX niliyopewa na rafiki, na kwa njia gani? Swali la mwisho ni la maana kuliko linavyosikika, kwa kuwa GPX ndiyo lugha ambayo karibu programu zote za njia huielewa, ila kuna GPX yenye mstari tu na kuna yenye alama za kona ndani yake. Mstari mtupu ukiingizwa kwenye kifaa kisichofikiri, hutasikia mlio hata mmoja wa kukuonya kona imefika.

Kuna sifa moja ya ramani ambayo naitetea hata kwa watu wasiopenda vifaa: ile inayokata kilima kilicho mbele na kukuonyesha umbali uliobaki na ukali wa mwinuko. Garmin huiita ClimbPro na wengine wana zao. Anayejua bado kuna kilomita mbili za kupanda huhifadhi pumzi. Asiyejua huimaliza kwenye kona ya kwanza. Kwenye baadhi ya vifaa sifa hii hufanya kazi ikiwa tu umepakia njia, kwenye vingine hata bila njia. Uliza.

Hatua ya 5: Elewa usahihi, usiuabudu

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, na kifaa kinahitaji kusikia angalau 4 ili kijue kilipo pamoja na mwinuko. Kompyuta za leo husikiliza pia mifumo mingine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya, BeiDou ya China. Setilaiti zikiwa nyingi, uwezekano wa kuziona 4 zilizokaa vizuri angani huongezeka.

Vifaa vya bei ya juu husikiliza masafa mawili kwa wakati mmoja, L1 na L5. Faida yake huonekana pale mawimbi yanapogonga ukuta au jabali kabla ya kukufikia, yaani kati ya maghorofa, mabondeni na chini ya miti minene. Kwenye barabara iliyo wazi hutaona tofauti, na betri itaisha mapema zaidi. Kama njia zako ni za wazi, pesa hiyo iweke kwingine.

Tabia moja ya bure inasaidia kuliko masafa mawili: washa kifaa ukiwa nje, kikae tuli kidogo kabla hujaanza kukanyaga. Kila setilaiti huchukua sekunde 30 kutangaza habari kamili za mahali ilipo, na kifaa kinachopokea ukiwa tayari unakimbia chini ya miti hukosa vipande na kuanza upya. Vifaa vinavyopokea habari hizo mapema kupitia simu hupata mahali haraka zaidi, na hiyo ni sababu ya kuviunganisha kabla ya kutoka.

Kasi inayotokana na GPS huchelewa kidogo na hurukaruka ukiingia chini ya daraja. Anayejali kasi ya papo hapo afunge kihisi cha kasi kwenye kitovu cha gurudumu. Vingi hujipima vyenyewe kwa kulinganisha na GPS, lakini ukiulizwa mzingo wa gurudumu, tairi la 700x25 ni kama milimita 2105 na la 700x28 ni kama 2136. Njia ya uhakika ni kuweka alama kwenye tairi na sakafuni, kukaa juu ya baiskeli tairi likiwa na upepo wa kawaida, kuisukuma mzunguko mmoja na kupima.

Kuhusu mwinuko, tafuta kifaa chenye kipima mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari mgandamizo hushuka kwa hektopaskali 1 kila unapopanda kama mita 8, na badiliko hilo hupimika vizuri kuliko kimo cha GPS. Kasoro zake mbili: hali ya hewa ikibadilika, namba inasogea hata ukiwa umesimama, na tundu dogo la hewa chini ya kifaa likizibwa na tope au maji, utajikuta kwenye mlima usiokuwepo. Litafute tundu hilo siku ya kwanza ulijue.

Hatua ya 6: Vihisi, kwa mpangilio

Usinunue furushi zima kwa sababu lina punguzo. Nunua kifaa, endesha nacho kwa muda, kisha ongeza unachokikosa.

Kwa anayefanya mazoezi, mkanda wa mapigo ya moyo unaovaliwa kifuani ndio wa kuanza nao. Ni rahisi na unaaminika kuliko kipimo cha kwenye kifundo cha mkono, ambacho hutetereka pamoja na usukani. Kihisi cha pedali hufungwa kwenye mkono wa krenki na kinawafaa wanaojifunza kukanyaga kwa wepesi. Kipima nguvu, kinachotoa wati, ni ghali na kina maana kwa mtu mwenye mpango wa mazoezi anaoufuata kweli. Bila mpango, wati ni namba ya kujisifia.

Mimi binafsi, kama ingekuwa ni kihisi kimoja tu kwa mtu anayepita barabara zenye magari, ningeweka rada ya nyuma. Garmin Varia hugundua gari likiwa hadi mita 140 nyuma yako na kukuonyesha kama nukta inayopanda pembeni ya skrini. Haikuondolei wajibu wa kugeuka kutazama kabla ya kuhama upande, lakini hukuambia lini ugeuke. Hakikisha kompyuta unayoichagua inaitambua rada, siyo zote.

Vihisi huzungumza na kompyuta bila waya, kwa njia ya ANT+ au Bluetooth. ANT+ hutangaza hewani na vifaa vingi vinaweza kusikiliza kwa pamoja. Kwa Bluetooth, vihisi vingi vya zamani hukubali msikilizaji mmoja tu: mkanda ukishaunganishwa na simu, kompyuta itautafuta mpaka ichoke. Chagua kompyuta yenye vyote viwili. Na kama una saa ya michezo, angalia kama inaweza kuirushia kompyuta mapigo ya moyo. Huenda mkanda huuhitaji. Huenda hata kompyuta huihitaji, ikiwa saa hiyo inarekodi na hutaki kutazama ramani.

Hatua ya 7: Betri na maji

Saa zilizoandikwa kwenye boksi zimepatikana katika hali ya upole. Ramani ikiwaka, masafa mawili yakisikilizwa, vihisi vitatu na simu vikiunganishwa, na mwanga wa skrini ukiwa juu, saa hizo hupungua sana. Chukua safari yako ndefu kabisa ya kweli, siyo ya ndoto, ongeza nusu yake, na hicho kiwe kima cha chini. Anayeendesha saa 8 atafute kifaa kinachodai zaidi ya 12 akiwa ametumia sifa zote. Baridi kali hupunguza zaidi, na betri za lithiamu huchakaa kwa miaka. Ya leo haitakuwa ile ya mwaka wa tatu.

Kwa safari za siku nyingi, tazama tundu la chaji liko wapi. Likiwa chini ya kifaa huenda linafichwa na kishikizo, na hutaweza kuchaji ukiwa unaendesha. Aina ya USB-C inakuokoa kubeba waya wa ziada. Vifaa vyenye kioo cha kunasa jua huongeza muda, lakini hesabu muda bila jua, jua liwe bahati.

Maji: IPX7 maana yake kifaa kimestahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Mvua haitakisumbua. Bomba la kuoshea baiskeli kwa nguvu ni jambo jingine, kwa hiyo kiondoe kwanza. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kikae vizuri kila mara.

Hatua ya 8: Programu ya simu, na data yako

Kabla ya kulipa, pakua programu ya mtengenezaji kwenye simu yako. Ni bure, na itakuonyesha mengi: inaomba ruhusa gani, iko kwa lugha unayoisoma, mipangilio ya kurasa inafanyika humo au kwenye kifaa. Soma maoni ya hivi karibuni ya watumiaji, siyo ya miaka mitatu iliyopita, maana programu hizi hubadilika kwa kila toleo. Kifaa kizuri chenye programu mbovu ni kifaa kibovu.

Angalia kama safari hupelekwa zenyewe Strava, mtandao wa kuhifadhi na kushirikisha safari, au mahali pengine unapopatumia, na kama unaweza kutoa faili asilia, kwa kawaida FIT, kwa waya tu. Kampuni hufungwa, seva huzimwa. Faili iliyo mkononi mwako haifi nazo.

Siku ya kwanza ficha nyumba yako. Strava ina mpangilio wa kuficha mwanzo na mwisho wa safari, na programu nyingine zina wa kwao. Ramani ya hadharani inayoanzia mlangoni kwako kila alfajiri humwambia mwizi baiskeli inalala wapi na wewe hauko nyumbani saa ngapi.

Kuhusu ile sifa ya kutambua ajali na kuwatumia ndugu ujumbe: kwenye vifaa vingi hutegemea simu iliyounganishwa na yenye mtandao. Palipo na upweke zaidi ndipo mtandao hukosekana zaidi. Iwashe, ila usiache kumwambia mtu unakwenda njia gani.

Hatua ya 9: Mpya au cha mkono wa pili

Kifaa cha juu cha miaka michache iliyopita, kilichotumika, mara nyingi kina ramani bora kuliko kipya cha bei ileile. Kagua ndimi za chini kama hazijalika, tundu la chaji kama halina kutu, na vitufe vyote kama vinabonyea. Kipeleke nje kitafute setilaiti mbele yako. Mwambie mwenye nacho akiondoe kwenye akaunti yake na kukirudisha katika hali ya kiwandani mkiwa pamoja. Tazama asilimia ya chaji mwanzo na mwisho wa mazungumzo. Ikishuka haraka mkiwa mmesimama tu, ondoka. Angalia pia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama bado anakitolea masasisho.

Hatua ya 10: Kijaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha

Usihifadhi boksi kabatini bado. Siku ya kwanza, sasisha mfumo na ramani ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha tengeneza ukurasa mmoja wenye yale tu uliyoyaandika kwenye karatasi. Zunguka njia unayoijua, umefunga ile kamba ndogo ya usalama kwenye usukani, na usikilize kama kishikizo kinagonga barabara ikiwa mbovu. Siku nyingine pakia njia, zima simu, kosa kona kwa makusudi uone kifaa kinafanya nini. Endesha mara moja jua likiwa kali na mara moja giza likianza. Lowesha skrini kwa chupa yako ya maji ujaribu kubadilisha ukurasa.

Ukirudi, fungua rekodi kwenye ramani na uivute karibu. Mstari ukikata kona badala ya kuzifuata, tafuta mpangilio wa kurekodi na uuweke kila sekunde. Mstari ukitembea kando ya barabara sehemu moja tu, penye maghorofa, hiyo ni kawaida. Ukitembea kando safari nzima penye uwazi, kirudishe dukani wakati risiti bado inakubalika.